Penye Mchanga: Kilatini cha Wataalamu wa Mimea na Ardhi Yetu ya Kibaha na Kisarawe



Juma lililopita, baada ya Misa ya pili, alinijia kijana mmoja wa parokia yetu anayesomea elimu ya mimea chuoni. Mkononi alikuwa na nakala ya ukurasa wa kitabu cha zamani, wenye maelezo ya mmea uliochumwa katika pwani hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Maelezo yote yalikuwa ya Kilatini. "Baba Paroko," akasema, "ya majani na maua nimeyaelewa, maana maneno hayo tumefundishwa. Lakini mwishoni kuna maneno mawili yamenishinda: in arenosis. Maana yake nini?" Nikamjibu palepale, "Mwanangu, hapo wanasema 'penye mchanga'." Akacheka, akatazama chini tulipokuwa tumesimama, kwa sababu uwanja wa kanisa letu ni mchanga mtupu, tangu mlangoni hadi barabarani.

Alipoondoka, maneno yale mawili hayakuniondoka. Nikayafuatilia katika vitabu nilivyo navyo, nikaona kwamba yamebeba historia ndefu, na kwamba sehemu ya historia hiyo imepita hapa hapa petu. Nimeona vema niwashirikishe.

Tuanze na swali ambalo wengi mtakuwa mnajiuliza: kwa nini Kilatini? Mwaka 1753 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alichapisha kitabu kiitwacho Species Plantarum, ambamo alijaribu kuorodhesha mimea yote iliyojulikana kwake na kuupa kila mmoja jina la maneno mawili. Kitabu alikiandika kwa Kilatini, kwa kuwa ndiyo lugha waliyoelewana wasomi wa Ulaya nzima. Hadi leo wataalamu huyahesabu majina halali ya mimea kuanzia kitabu hicho. Mara kwa mara, mwishoni mwa maelezo ya mmea, Linnaeus aliweka neno Habitat, kisha akataja mahali. Neno hilo sasa limeenea duniani likimaanisha makazi ya kiumbe. Lakini katika Kilatini hilo si jina, bali ni kitenzi, na maana yake ni "hukaa". Mzee yule alikuwa akitunga sentensi kamili: mmea huu hukaa mabondeni, huu hukaa katika maji yaliyotuama, huu hukaa penye mchanga.

Desturi hiyo baadaye ikawa sheria. Kuanzia tarehe 1 Januari 1935, mmea mpya haukutambuliwa rasmi mpaka uwe umeelezwa kwa Kilatini. Sheria ikadumu hadi mwisho wa mwaka 2011. Mwaka huo wataalamu walikutana Melbourne, Australia, wakaamua kwamba tangu tarehe 1 Januari 2012 maelezo yaweze kuandikwa kwa Kilatini au kwa Kiingereza. Hapa sisi Wakatoliki twaweza kutabasamu kidogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulizifungulia lugha za watu mlango wa Liturujia kwa hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963. Wataalamu wa mimea, ambao hakuna anayewadhania kuwa watu wa sakristia, walishikilia Kilatini kwa lazima karibu miaka hamsini zaidi yetu. Na majina yenyewe hata sasa yamebaki katika umbo la Kilatini.

Sasa tuje kwenye mchanga. Kilatini kina maneno kadhaa kwa kitu hiki, na mwandishi makini hayachanganyi. La kwanza ni arena, ambalo Warumi waliliandika pia harena. Huo ni mchanga wa kawaida, kama ule wa ufukweni au wa jangwani. Kutoka hapo twapata arenosus, yaani wenye mchanga mwingi. Arenarius, yaani wa mchangani. Na arenicola, yaani mkaaji wa mchangani. La pili ni sabulum, mchanga wa chembe kubwa na nzito, neno ambalo Wafaransa wamelirithi hadi leo katika lugha yao. Chembe zikizidi kuwa kubwa twafika kwenye glarea, ambayo ni changarawe. Litus ni ufuko, na mmea unaoitwa litoralis ni mmea wa ufukoni. Kisha wataalamu waliazima pia kwa Wagiriki, ambao mchanga waliuita ammos au psammos, wakaunda psammophilus, yaani upendao mchanga.

Neno arenicola lina jambo la kutazamwa zaidi. Sehemu yake ya pili inatokana na kitenzi colere, ambacho katika Kilatini ni kukaa mahali, na pia ni kupalilia na kutunza. Ndicho kilichozaa agricola, yaani mkulima. Na ndicho kilichozaa cultus, neno la ibada. Hivyo mkaaji wa mchangani, kwa sikio la Mrumi, si mpangaji tu aliyejihifadhi pale kwa kukosa mahali pengine. Anakaa na kutunza. Na kweli ndivyo mimea hiyo ifanyavyo, maana mizizi yake huushika mchanga usichukuliwe na upepo wala maji.

Mfano mzuri ni nyasi moja ya fukwe za Ulaya, ambayo watu wa huko wameipanda kwa makusudi ili izuie vilima vya mchanga visihame. Linnaeus aliiita Arundo arenaria. Wengine baadaye waliiita Ammophila arenaria, jina ambalo kwa Kigiriki linasema "mpenda mchanga" na kwa Kilatini linarudia "wa mchangani". Siku hizi wataalamu wengi wameihamishia katika ukoo mwingine, wakaiita Calamagrostis arenaria. Angalieni, wapendwa: jina la ukoo limebadilika mara mbili, lakini neno la mahali halikuguswa. Wasomi walibishana kuhusu jamaa zake, lakini hawakubishana kuhusu nyumbani kwake.

Kuhusu yale maneno ya kijana wetu, in arenosis, kuna jambo linalotupendeza sisi wasemaji wa Kiswahili. Arenosis ni kivumishi tu, "penye mchanga mwingi", na jina linalovumishwa halipo. Msomaji wa Kilatini hulijazia mwenyewe akilini: locis, yaani mahali. Mzungu hufundishwa jambo hili darasani kwa taabu. Kwetu halihitaji mwalimu, kwa sababu Kiswahili hufanya hivyo hivyo kila siku. Tukisema "penye mchanga", neno mahali halikutajwa, lakini limo katika ile pa- ya mwanzo. Tena lugha yetu imetajirika zaidi, maana hutofautisha penye mchanga, kwenye mchanga na mwenye mchanga, yaani mahali hasa, upande ule kwa jumla, na ndani yake. Na tukitaka kufupisha, twaongeza -ni moja tu mwishoni, tukasema "mchangani".

Tena ardhi yetu yenyewe imeandikwa hivyo. Wilaya ya Kisarawe ina kata iitwayo Msanga, na Mji wa Kibaha una kata iitwayo Msangani. Msanga na mchanga ni ndugu wa tumbo moja katika lugha za Kibantu za upande huu. Anayesikia "Msangani" husikia mlemle Linnaeus alimopita na kalamu yake, ila wazee hawakuhitaji kwenda Uswidi kuipata.

Kwa upande wa Maandiko Matakatifu, Mtakatifu Yeronimo, aliyekamilisha tafsiri yake ya Kilatini mwanzoni mwa karne ya 5, alilitumia neno arena pale Mungu anapomwahidi Abrahamu uzao usiohesabika. Tunalikuta tena katika Injili ya Matayo, kwa yule mjenzi asiye na akili. Lakini katika kitabu cha Kutoka, pale Musa anapomficha Mmisri aliyemwua, Yeronimo aliandika sabulum. Warumi nao walimwaga mchanga katika viwanja vyao vya michezo ili unyonye damu, hata kiwanja chenyewe kikaitwa arena. Katika kiwanja cha namna hiyo, huko Karthago mwaka 203, waliuawa Mtakatifu Perpetua na Mtakatifu Felisita, ambao majina yao twayasikia katika Sala ya kwanza ya Ekaristi. Kwa hiyo neno ambalo mtaalamu wa mimea aliliandika kwa utulivu mezani pake lilikuwa limekwisha kubeba ahadi, upumbavu na damu ya mashahidi.

Nadhani ni ule mfano wa mjenzi uliotufanya wengi tuudharau mchanga. Tumezoea kuuona kuwa ni kitu kisicho na kitu, ardhi ya kupita tu. Wakulima wetu wanajua zaidi. Mkorosho, ambao Wareno waliuleta Afrika ya Mashariki kutoka Brazili na ambao Linnaeus aliupa jina mwaka ule ule wa 1753, umeistawisha pwani hii katika ardhi ya kichanga ambayo mazao mengine yanaikataa. Muhogo nao ni vivyo hivyo. Wako wazazi wengi waliowasomesha watoto wao kwa kile kilichotoka mchangani.

Hata kabla ya korosho, mchanga wa nchi hii ulikuwa na hazina. Vitabu vya karne ya 19 vinaiita nchi hii Uzaramo. Watu wake walichimba ardhini sandarusi, yaani utomvu wa mti ulioganda na kukaa udongoni miaka mingi mno hata ukawa mgumu kama jiwe. Sandarusi ilipelekwa Zanzibar, ikasafishwa, ikasafirishwa hadi Bara Hindi, Ulaya na Marekani, ambako waliitengenezea vanishi bora ya kupakia magari ya farasi na samani. Iliposafishwa, uso wake ulionekana na vinundu vidogo vidogo, na wafanyabiashara waliufananisha na ngozi ya bata bukini. John Kirk, tabibu aliyefika Zanzibar mwaka 1866 na baadaye akawa konseli wa Uingereza, aliuchunguza utomvu huo, akaonyesha kwamba ulitokana na mti ule ule ambao bado unaishi pwani yetu, msandarusi, ambao wataalamu huuita Hymenaea verrucosa.

Jambo la kushangaza ni kwamba wachimbaji waliipata sandarusi iliyo bora hata mahali ambapo hapakuwa na msandarusi hata mmoja. Msitu ulikuwa umekwisha kutoweka, nao mchanga ukabaki na kumbukumbu yake. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, Musa anapoyabariki makabila ya Zabuloni na Isakari, anazitaja hazina zilizofichwa mchangani. Wazee wa Uzaramo wangemwelewa bila mfafanuzi.

Katika nchi hiyo hiyo ndimo walimopita wakusanyaji wa mimea. Mwezi wa Oktoba 1860, James Augustus Grant alisafiri pamoja na John Hanning Speke kutoka Bagamoyo, wakaikata Uzaramo wakielekea bara kutafuta chanzo cha mto Nili. Njiani Grant alichuma mimea, akaikausha katikati ya karatasi, na wapagazi wakaibeba. Ilifikishwa Kew, karibu na London, ambako Daniel Oliver na wenzake waliichunguza, na matokeo yakachapishwa kati ya mwaka 1872 na 1875. Mimea iliyokuwa mipya kwao waliieleza kwa Kilatini. Hivyo ndivyo mchanga wa Uzaramo ulivyoingia katika vitabu vya Ulaya. Lakini majina ambayo wenyeji waliiita mimea hiyo yalikuwa na nafasi finyu katika maelezo ya namna ile, na jina la mpagazi aliyelibeba furushi halikuwa na nafasi kabisa.

Hapo ndipo ninapopenda kumtaja padre mwenzangu wa zamani, Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1856, akafika Zanzibar mwaka 1879, akafanya utume huko na Bagamoyo hadi aliporejea kwao mwaka 1898. Alichuma mimea mingi na kuipeleka Paris, na mtaalamu Henri Baillon alilipa kundi moja la mimea ya Afrika ya Mashariki jina la Sacleuxia kwa heshima yake. Lakini zawadi yake kubwa kwetu ni kamusi ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka kati ya mwaka 1939 na 1941, alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka themanini. Humo jina la mti kwa Kiswahili limewekwa pamoja na jina lake la Kilatini. Hakudhani kwamba moja linalifuta lingine. Ili kuyapata majina yale ilimpasa aulize, asikilize, asahihishwe na wenyeji, kisha aulize tena. Alifariki mwaka 1943, na hadi leo mtu anayetaka kujua mti fulani wa pwani uliitwaje na babu zetu huifungua kamusi ya padre huyo.

Wapendwa, nisiishie kwenye vitabu. Twaijua Pugu kwa Wabenedikti waliofika mwaka 1888 na kushambuliwa mwezi Januari 1889, na kwa shule ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Wataalamu wa mimea wanaijua Pugu kwa sababu nyingine. Upo mti uitwao Baphia puguensis, na upo mwingine uitwao Millettia puguensis. Mwisho huo, -ensis, katika Kilatini ni "wa mahali fulani". Basi puguensis ni "wa Pugu". Vilima vile ni vya mawe ya mchanga na udongo mweupe wa kaolini, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilikuwa mikubwa zaidi. Misitu hiyo ya pwani ina mimea mingi isiyopatikana penginepo duniani, nayo imeumizwa sana na mkaa, mashamba na makazi.

Na sasa kuna mchanga wenyewe. Kila mmoja wetu ameyaona malori yakielekea Dar es Salaam yakiwa yamejaa, yakidondosha mchanga barabarani. Jiji linajengwa, na nyumba haijengwi bila mchanga. Simlaumu mzazi aliyeuza mchanga wa kiwanja chake apate ada ya mtoto. Kanisa ninaloadhimishia Misa nalo ni la matofali ya saruji na mchanga, na mchanga huo ulichimbwa mahali fulani. Siwezi kunyosha kidole huku nimesimama ndani yake.

Hata hivyo, tunapaswa kujua tunachokiondoa. Shimo likishachimbwa hadi kwenye udongo mgumu, palipoandikwa "penye mchanga" hapana mchanga tena. Ukurasa wa Kilatini utabaki maktabani ukisema kwamba mmea huu hukaa pale, na sentensi hiyo, iliyokuwa kweli siku ilipoandikwa, itakuwa si kweli tena. Msitu wa misandarusi ulipotoweka zamani, mchanga ulibaki ukiitunza habari yake. Mchanga ukiondoka, hakuna wa kuitunza habari ya mchanga.

Kwa hiyo nina maombi mawili, nayo si makubwa. La kwanza ni kwa wenye maeneo: mnapochimba, bakizeni sehemu yenye miti ya asili, hasa kando ya mabonde, na msichimbe mpaka mwisho. La pili ni kwa vijana: ulizeni majina ya miti kwa bibi na babu zenu wangali hai, myaandike, pamoja na mahali inapoota.

Kijana wetu amekwisha kuanza. Jumapili hii alirudi na karatasi ile ile. Chini ya maneno in arenosis alikuwa ameandika kwa penseli "penye mchanga", na pembeni jina la mmea huo kama bibi yake wa Msanga anavyouita. Bibi aliutambua kwa kuuona mchoro tu, akamwambia kwamba ulikuwa mwingi nyuma ya nyumba alipokuwa msichana. Tumekubaliana kwenda kuutafuta Jumamosi ijayo baada ya jumuiya. Anayependa kufuatana nasi anakaribishwa.

Nawatakia juma jema. Tuendelee kuombeana.